Nguo ya Kuingia Nayo Majini Siku ya Kujifungua

Kila nikiwaambia wanawake wenzangu hapa Dodoma kwamba mtoto wangu wa kwanza nilimzalia ndani ya maji, swali linalotangulia huwa si la uchungu wala la usalama wa mtoto. Wanauliza nilivaa nini. Mwingine ananong'ona, mwingine anauliza huku amejiziba mdomo kwa pindo la kanga. Nalipokea swali hilo kwa heshima zote, maana nilipokuwa na mimba ile ndilo lililoninyima usingizi, na kwetu hapakuwa na aliyewahi kupita njia hiyo nikamuuliza.

Mume wangu alikuwa ametangulia Uingereza kusomea shahada ya uzamivu, mimi nikabaki Nkuhungu nikisubiri viza. Akaenda kuniulizia hospitali ya huko, akarudi na habari kwamba wodi yao ya wakunga ina vyumba vyenye bwawa dogo. Mama ambaye mimba yake imetimia wiki 37, ana mtoto mmoja aliyetanguliza kichwa na hana tatizo la kiafya, anaweza kuchagua kukaa humo wakati wa uchungu, na hata kuzalia humo. Akanitumia picha ya chumba chenyewe: mwanga hafifu, bwawa la duara lenye ngazi fupi, taulo zimekunjwa pembeni. Niliitazama nikajiona nimo ndani ya maji yale, sina nguo, na watu nisiowajua wamenizunguka. Mawazo yakaanzia hapo.

Mama alikuwa amekuja kutoka Kongwa kunisaidia kufunga mizigo, na mama akija, shangazi naye hakosi. Ikabidi niwaeleze kwanza bwawa lenyewe ni kitu gani. Maji hujazwa mpaka tumbo lote lizame ukiwa umeketi. Yanakuwa na joto la mwili, na mkunga hayaachi yazidi nyuzi 37.5, kila saa anapima joto la maji na joto la mama. Maji yanaubeba mwili, mgongo unapumzika, na wanaoomba sindano ya ganzi ya mgongoni wanapungua. Nikawasimulia na habari za daktari Mfaransa, Michel Odent, aliyeweka bwawa katika hospitali ya Pithiviers miaka ya 1970 kwa nia ya kupunguza maumivu tu. Baadhi ya akina mama wakanogewa, wakakataa kutoka, watoto wakazaliwa humohumo, na mwaka 1983 akaandika habari zao katika jarida la The Lancet walipotimia 100.

Shangazi alisikiliza yote mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sawa, mwanangu. Na hao mia moja walivaa nini?"

Sikuwa na jibu. Mama akasema bibi yangu alimzaa yeye akiwa amepiga magoti, ameshika nguzo ya nyumba, kaniki kiunoni. Kaniki ndiyo iliyokuwa nguo ya kazi hiyo, kwa sababu ni nyeusi na haioneshi damu. Yeye mwenyewe alituzaa hospitali, na sote watano tulipokelewa kwenye kanga. Kwa hiyo kwake hapakuwa na mjadala: mwanamke hujifungua na kanga, awe nchi kavu au majini. Shangazi akapinga. Kanga majini itaelea, akasema, atabaki kama alivyozaliwa na bado ana nguo inayomsumbua.

Aliyetufungua macho ni jirani yetu, mkunga mstaafu ambaye mtaa mzima tunamwita Bibi Nesi. Alikuwa hajawahi kuona mtu akizalia majini, lakini leba anaijua. Alisema: "Chupa ikipasuka, mimi kazi yangu ya kwanza ni kuangalia rangi ya maji. Yakiwa meupe nafurahi. Yakiwa ya kijani najua mtoto amekwisha jisaidia tumboni, huenda amechoka. Yakiwa mekundu, nakimbia. Huko kwenu maji ni bwawa zima. Ukiingia na nguo inayochuja, umemziba mkunga macho."

Nimesoma mengi tangu siku hiyo, na sijakuta ushauri wa mavazi unaouzidi huo. Watu huhangaikia nguo ifunike nini. Bibi Nesi alianza na kile ambacho nguo haitakiwi kuficha.

Basi tukaamua kuzijaribu. Maji ya mtaani kwetu hutoka kwa mgao, kwa hiyo jaribio likangoja siku ya maji. Tulijaza simtanki na ndoo zote kwanza, mama akachemsha sufuria kubwa, tukachanganya kwenye beseni jeupe la kufulia mpaka yakawa kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, unazamisha kiwiko husikii moto wala baridi. Tukawa tunatumbukiza nguo mojamoja na kuziacha humo huku tunakunywa chai. Beseni jeupe halifichi kitu. Kanga mpya nyekundu niliyoinunua madukani karibu na soko la Majengo ilianza kuchuja kabla sijarudi kukaa, na nilipoikamua, maji yalikuwa mekundu kiasi kwamba mtu angeingia ghafla angedhani pamechinjwa kuku. Kitenge cha bei nafuu kilitoa bluu. Kipande cha kaniki kilitia beseni zima weusi, mama akaguna, hakusema neno. Tulijaribu na dawa ya mama ya siku zote, kuloweka kanga mpya kwenye maji ya chumvi ili rangi ishike. Kuchuja kulipungua, hakukwisha.

Zilizofaulu ni mbili. Kanga kuukuu ya mama, iliyofuliwa miaka mpaka imekuwa laini na nyepesi, na fulana nyeusi ya pamba niliyoipata mtumba Sabasaba. Hizo maji yake yalibaki maangavu, ungeweza kuona ua la chini ya beseni.

Rangi ilikuwa sehemu moja tu, uzito nao ukaja. Kitenge kikilowa na ukikiinua, mikono inashuka yenyewe. Hebu fikiria uko katikati ya uchungu, mkunga anakuambia toka majini sasa hivi kwa sababu mapigo ya moyo wa mtoto hayamridhishi, nawe unapanda ngazi na mzigo huo umekushika miguuni. Na amri ya namna hiyo inaweza kuja dakika yoyote, hata kwa mama ambaye kila kitu kilikuwa kikienda vizuri. Kwa sababu hiyo niliiondoa kila nguo ndefu kwenye hesabu, hata dera ambalo moyo wangu ulikuwa umelipenda kwa sababu linasitiri. Dera niliendelea kulifikiria mpaka nilipofika Uingereza, nyumba tuliyopanga ikiwa na lile beseni kubwa la kuogea la kujilaza. Nililivaa nikaketi ndani ya maji. Hewa iliingia chini yake, likavimba, likanipanda mpaka shingoni.

Sidiria ya michezo ndiyo wanayoivaa wengi huko, na kwa mwanamke asiyeona tabu tumbo kuwa wazi ni nguo nzuri: haielei, hailemei. Tatizo nililolikuta ni kuivua. Ikishalowa mpira wake unakaza, na ya kuvulia kichwani inakwama mabegani. Mtoto akizaliwa anatakiwa awe kifuani kwa mama papo hapo, ngozi kwa ngozi, na Shirika la Afya Duniani linashauri akae hivyo walau saa nzima bila kuondolewa. Kitambaa kilicholowa kikibaki katikati yenu kinampoza, na mtoto mchanga hupoteza joto upesi. Kwa hiyo nguo ya juu, iwe yoyote, lazima ifunguke mbele.

Kabla sijasafiri nilikwenda kwa fundi cherehani wangu, mama mmoja wa makamo mwenye kibanda pembeni ya barabara, na kipande cha kitambaa cheusi cha pamba kinachovutika kidogo. Nikamwambia nataka kitopu kisicho na mikono, kiishie juu ya kitovu, kifunguke mbele kote.

"Zipu?" akauliza.

"Labda."

"Cha kwenda wapi, dada?"

Nikamwambia ukweli. Aliweka futi yake shingoni, akafikiri. "Basi zipu hapana. Ikibana ngozi ya mtoto utajuta. Na vifungo vya tundu na mikono inayotetemeka havipatani. Ngoja nikuwekee vya kubonyeza, uvute mara moja viachie vyote." Akavishona vya plastiki, akaacha nafasi ya ziada kifuani kwa sababu maziwa yatajaa, na mishono yote akaigeuzia nje ili isinikwaruze. Nikakifua kwa sabuni mara nyingi, nikakiloweka kwenye beseni letu, maji yakabaki safi. Hicho ndicho nilichokwenda nacho.

Wenye nywele ndefu wasidharau kichwa. Rasta zikilowa zinakuwa nzito na zinashusha maji mgongoni muda wote hata ukiwa umetoka bwawani. Nilisuka twende kilioni, nikafunga kilemba chepesi.

Kule kliniki nilimuuliza mkunga swali langu waziwazi. Hakucheka wala hakushangaa, alionekana amekwisha kuulizwa mara nyingi. Alisema juu nivae ninachotaka au nisivae kabisa, vyote kwao ni sawa. Chini ninaweza kuingia na kitu, ila mtoto akikaribia kitatoka, na mara nyingi mama mwenyewe ndiye anayetaka kitoke kabla ya kuambiwa. Wao hawahitaji kuona sana, kwa sababu majini mkunga hamshikishiki mtoto mpaka anatoka. Wana kioo kidogo na tochi, na kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto kinachofanya kazi ndani ya maji. Kuhusu kitopu changu alipenda kwamba kinaishia juu ya tumbo, kwa sababu hapo ndipo anapoweka kile kifaa na mkono wake kupima uchungu. Akaongeza jambo ambalo sikulijua. Kitovu cha mtoto mwingine, yaani kamba inayomuunganisha na kondo la nyuma, huwa kifupi, kwa hiyo akitolewa majini huenda asifike kifuani kwa mama, akaishia tumboni. Ukimvuta kwa nguvu kinaweza kukatika. Hivyo pawe wazi kifuani mpaka tumboni, ili popote atakapofikia akute ngozi.

Kisha akaniuliza yeye: "Unachoogopa hasa ni nini?" Nikamwambia siogopi kuwa bila nguo, naogopa kutazamwa. Yalikuwa mambo mawili tofauti na sikuwa nimewahi kuyatenganisha. Akayaandika kwenye mpango wangu wa kujifungua: taa zipunguzwe, pazia la mlangoni lifungwe, anayeingia abishe hodi na kusubiri, wahudumu wawe wanawake kadiri inavyowezekana. Niseme kwa uhakika kabisa kwamba maandishi yale yalinisitiri kuliko kitambaa chochote. Mlango uliokuwa unabishwa hodi ndio uliofanya nisikumbuke tena kama nimevaa au sikuvaa. Tangu hapo kila mjamzito anayeniuliza ya nguo namwambia aanze na ya watu: nani atakuwemo, ataingiaje, ataambiwa nini. Anapomaliza hayo, ya nguo huwa yamebaki madogo.

Uchungu ulinianza usiku wa baridi kali. Mkunga alinizuia nisiingie majini mapema, akasema nikiwahi sana uchungu unaweza kulegea, tungoje ukolee. Kwa hiyo muda mrefu nilikuwa nikitembea chumbani na kanga mbili, moja kiunoni na nyingine mabegani, soksi miguuni, na mume wangu akinikanda mgongo. Nilikuwa nimebeba mafuta ya nazi kutoka nyumbani kwa kazi hiyo. Mkunga akaomba tusiyatumie, bwawa lingeteleza na mkono wake ungeteleza juu ya mtoto. Akamwonesha kukanda kwa kiganja kikavu juu ya kanga, ikafaa vilevile.

Wakati wa kuingia ulipofika nilishuka ngazi na kitopu changu na kanga kiunoni. Nilipofika maji ya mapajani nikaifungua ile kanga, nikampa mume wangu, nikaketi. Hakuna aliyeona kitu, na hakuna aliyekuwa anatazama. Maji yalifika chini ya matiti. Wanawake waliozoea kuinama bombani na ndoo kichwani watanielewa nikisema kwamba mara ya kwanza tangu mimba ile ianze, hakuna kilichonielemea.

Baada ya hapo nguo zikaanza kunikera. Kilemba kilitoka kwanza. Joto la maji, joto la uchungu, nikataka hewa shingoni. Halafu vifungo vya juu vya kitopu. Sikuvua chote, nilikiacha kimening'inia mabegani kimefunguka, na ndivyo nilivyokuwa mpaka mwisho. Hili nalisema kwa ajili ya yule anayeamini ataingia amejifunika vizuri na atatoka amejifunika vizuri, na pia kwa yule aliyeamua kwamba hatavaa kitu: siku yenyewe mwili unaweza kutaka kinyume. Ndiyo maana ya kuwa na nguo inayofunguka na kufungika kirahisi. Uamuzi unabaki mkononi mwako mpaka dakika ya mwisho, hauhitaji msaada wa mtu wala maelezo.

Mkunga aliweka chujio dogo ukingoni mwa bwawa. Wakati wa kusukuma mama wengi hutokwa na choo kidogo, naye huchota na kukitupa kimyakimya. Namshukuru kwamba aliniambia mapema, kwa sababu wanawake wetu wengi wangekataa bwawa kwa hofu hiyo moja tu, na wangevaa hata chupi tatu kuikwepa. Chupi haisaidii. Chujio linasaidia.

Mtoto alitoka akapandishwa juu ya maji mara moja, uso kwanza. Akishapata hewa harudishwi chini tena, hilo walilifuata kwa makini sana. Kitovu kilimruhusu afike kifuani. Mkunga alivuta kile kitopu kwa mkono mmoja, vifungo vikaachia vyote kwa mpigo kama fundi wangu alivyosema, akakisukuma pembeni. Mwanangu akalala juu ya ngozi yangu, mwili wake mwingine ukiwa bado majini kwenye joto, kofia kavu kichwani.

Halafu ikaja sehemu ambayo kati ya wote niliokuwa nimewauliza hakuna aliyenitayarisha nayo, nayo ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote. Kutoka. Kondo la nyuma lilikuwa bado, na hospitali ile walitaka litolewe nje ya bwawa ili waweze kupima damu, maana majini ni vigumu kujua imetoka kiasi gani. Nilisimama, na baridi iliyonipiga sijawahi kuisikia, hata asubuhi za Julai hapa kwetu upepo ukivuma. Meno yaligongana, magoti yalikataa. Kitu chochote kilicholowa mwilini kilikuwa adui. Kitopu kikatoka kabisa, na mume wangu, aliyekuwa ameambiwa kazi yake mapema, akaleta kanga mbili zilizokuwa zimetandazwa juu ya chuma cha kupashia joto chumba. Kanga kuukuu za mama. Moja walinizungushia mgongoni na mabegani, ya pili wakatufunika mimi na mtoto pamoja. Taulo za hospitali zilikuwepo, lakini taulo nene halishiki umbo la mtu. Kanga ilituzunguka, ikakunjwa chini ya kidevu cha mtoto, haikupitisha upepo. Mkunga aliishika pindo akauliza zinauzwa wapi.

Kwa hiyo mama na shangazi wote walipata haki yao. Majini kanga haifai, na shangazi aliliona hilo bila kuliona bwawa. Nje ya maji hakuna kinachoizidi.

Mimba ya pili ilinikuta nimerudi Dodoma. Bwawa halikuwepo na wala sikulitafuta, nilijifungua kitandani kama wenzangu, na wakunga walionihudumia walikuwa hodari. Kanuni ya hospitali ilikuwa vua vyote, vua na hereni, vua na shanga, funga kanga. Yale niliyojifunza majini yalinifaa hata hapo. Wengi tukiambiwa tufunge kanga tunaifunga shingoni, kwa sababu haidondoki. Ikifungwa shingoni mtoto anawekwa juu ya kitambaa, kisha watu wanaanza kuhangaika na fundo huku mtoto anapoa. Niliifunga kifuani, fundo kwa mbele, na ya pili nikajitanda mabegani. Nilimwambia nesi mapema: "Sista, mtoto akitoka naomba umweke kwenye ngozi, hili fundo unalivuta tu." Akanijibu, "Sawa mama, wewe umeshajipanga," na ndivyo alivyofanya. Ilikuwa msimu wa baridi, na kanga ya tatu ilikuwa inasubiri kavu.

Rafiki yangu mmoja wa Kondoa, Mwislamu, anayehamia nje na mume wake, aliniuliza kama aingie majini na lile vazi la kuogelea la kufunika mwili wote. Nilimshauri asichukue la kipande kimoja, kwa sababu la juu haliwezi kufunguka bila kuvua lote, na la chini lazima litoke. Achukue la vipande viwili, blauzi yenye kufunguka mbele, na kichwani mtandio mwembamba wa pamba usiochuja, pamoja na mwingine mkavu wa kubadilisha mara tu akitoka majini, kwa sababu kichwa kilicholowa kinampoza mama. Na aandike kwenye mpango wake kwamba anataka wahudumu wanawake. Aliniambia baadaye kwamba waliandika bila kusita.

Na kwa kuwa nguo za siku hiyo zitarudi nyumbani: damu hufuliwa kwa maji baridi. Maji ya moto yanaikaanga kwenye kitambaa, haitoki tena.

Wapo wanaoniuliza kama tunaweza kufanya hivi wenyewe nyumbani, tukajaza maji kwenye chombo kikubwa, maana maji ni maji. Hapo nakataa kwa moyo wote. Bwawa la namna ile linachukua mamia ya lita, yaani ndoo ishirini na zaidi, na joto lake linatunzwa saa kwa saa. Chombo kinatakiwa kisafishwe kwa dawa. Mkunga awe amefundishwa kumpokea mtoto majini, na kukutoa humo haraka damu ikizidi. Bila hayo yote, maji yaleyale yaliyonipumzisha mimi yanaweza kumwua mtoto au mama. Hata katika nchi zenye mabwawa, si madaktari wote wanaokubali mtoto azaliwe ndani ya maji. Wapo wanaoruhusu uchungu tu, kisha mama atoke wakati wa kusukuma.

Ila maji yenyewe hatukunyimwa. Mimba ya pili, uchungu ukiwa bado mchanga, nilimwomba nesi ruhusa nikaoga maji ya uvuguvugu pale hospitali, nikiwa nimeketi kwenye kigoda na kanga kuukuu kiunoni, mdogo wangu akinimwagia mgongoni kwa kopo taratibu. Maumivu hayakuisha, lakini mgongo ulilegea. Ukitaka kufanya hivyo, uliza kwanza wakati wa kliniki kama bafu la wodi lina maji ya moto, au ndugu aje na chupa za chai zilizojaa. Nenda na kanga ya kulowa iliyokwisha kuchujwa rangi zote, ndala za mpira zisizoteleza, na kanga kavu zikae peke yake ndani ya ndoo yenye mfuniko, mbali na bomba.